Mjomba, goti linaniachia na robo fainali ni Jumamosi

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Temeke na mama na wadogo zangu wawili. Ni fundi seremala. Niko kwenye karakana ya baba mdogo pale Keko, tunatengeneza makochi, vitanda na meza za chakula, na huu ni mwaka wangu wa sita. Fremu ya kochi naiunga mwenyewe mwanzo mwisho, msasa na vanishi napiga. Kilichobaki ni kupasua mbao tu, hapo baba mdogo bado anapenda kusimama karibu.

Kazi ikiisha mimi ni mtu wa mpira. Nacheza beki ya kushoto, namba tatu, kwenye timu ya mtaa wetu tangu nina miaka 16. Ni timu ya mchangani. Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni tuna mazoezi, wikiendi mechi. Kila mchezaji anatoa buku ya maji na mwamuzi, jezi tunafua kwa zamu, na njumu zangu zimeshashonwa soli mara tatu kwa fundi viatu yule yule. Mshahara hakuna. Kwenye ndondo, yale mashindano ya mtaani, tukishinda mlezi wa timu anatugawia, mara elfu kumi, mara elfu kumi na tano, mara pilau na soda. Lakini Mjomba, nikipanda na mpira pembeni, wale mama wanaokaanga mihogo pale kwenye kona wanaacha karai, wanasimama kuniita kwa jina langu la uwanjani. Siku hiyo hata usingizi unakuwa mtamu. Sijui nikueleze vipi zaidi ya hapo.

Miezi mitatu iliyopita nilikuwa nakimbizana na winga wao, nikataka kukata ndani ghafla. Hakuna aliyenigusa. Nikasikia goti la kulia limelia ndani, ka! Nikatolewa. Magharibi haijaadhiniwa goti limeshajaa kama embe dodo. Mama mmoja jirani alinichua kwa mafuta, baada ya wiki tatu uvimbe ukaisha nikarudi uwanjani. Nikikimbia moja kwa moja sina shida. Nikigeuka, kuna wakati goti linaniachia kama si la kwangu. Kwenye kushuka ngazi pia. Basi siku ya mechi napita duka la dawa, nachomwa sindano ya maumivu, nacheza dakika zote 90. Mama hajui.

Sasa tatizo lenyewe ni baba mdogo. Zamani alikuwa mtu wa mpira, njumu zangu za kwanza alininunulia yeye, mtumba wa Karume, na alikuwa anakuja kutuangalia. Siku hizi amebadilika. Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuwa nimebeba ubao wa mkongo napita karibu na msumeno wa meza, mguu ukakunja kidogo, nikashika meza. Hakuna kilichotokea. Lakini alizima mashine akaanza kufoka mbele ya mafundi wote: "Leo leo uchague, mpira au kazi. Mimi sitaki." Sijawahi kuaibishwa vile. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu.

Na kuna jamaa amejitokeza kijiweni, anasema yeye ni wakala, ananipeleka kwenye majaribio kwenye timu ya Muscat. Anataka Sh800,000 ya barua ya mwaliko na viza, na nimpe pasipoti yangu. Nina laki sita nilizoweka kwa ajili ya kununua mashine yangu ya randa.

Robo fainali ni Jumamosi ijayo. Kapteni amenipigia, anasema nichome sindano nimalize kazi, timu inanitegemea. Mjomba, niache mpira? Au niache karakana niende nikajaribu bahati yangu? Umri nao unakwenda.

Namba Tatu, Temeke

*

Marahaba mpwa wangu.

Barua yako imejaa mambo, lakini goti umelitengea mistari michache na ukaharakisha kwenda kwa baba mdogo. Mimi naanzia hapo kwenye goti, kwa sababu mengine yote yanasubiri jibu lake. Na Jumamosi usicheze. Nalisema mapema ili hata ukichoka kusoma uwe umeshalisikia.

Umegeuka ghafla bila kuguswa, goti likalia ndani, likavimba jioni ile ile, na sasa linaachia ukigeuka na ukishuka ngazi. Mimi si daktari. Nimedaka golini miaka mingi kwenye viwanja vya huko huko kwenu, na maelezo ya namna hiyo nimeyasikia kwa wachezaji wengi walioumia ligamenti ya mbele ya goti, ile kamba ngumu inayoshika mfupa na mfupa, ambayo watangazaji wa mpira wanaiita ACL. Kazi yake ni kuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na goti lisizunguke ovyo ukikata kona. Ndiyo maana ukikimbia moja kwa moja unajiona mzima kabisa. Uvimbe kuisha kunadanganya wengi. Damu iliyovujia ndani imenyonywa, lakini ligamenti hiyo ikikatika kabisa ni nadra ijiunge yenyewe ikarudi kama zamani, na kuchuliwa na mafuta hakuiungi.

Linaloniogopesha zaidi ni zile mechi ulizocheza baada ya kuumia. Ndani ya goti kuna magegedu mawili yanayokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi, yanabeba uzito wako kila unapotua. Goti lisiloshikika likiachia, hayo ndiyo yanayobanwa na kuchanika. Yakichanika sana goti linaanza kusagika, unakuwa kijana mwenye goti la mzee. Kila mechi uliyocheza na sindano umeliweka goti lako kwenye hatari hiyo, nawe huhisi, kwa kuwa sindano imenyamazisha yale maumivu ambayo yangekutoa nje dakika ya kumi.

Na sindano zenyewe, mpwa wangu. Zinazochomwa sana huku mtaani ni diklofenaki na ndugu zake. Zina kazi yake hospitali, lakini ukizizoea zinachuna tumbo hadi kidonda, na zinaelemea figo, hasa kwa mtu anayetoka jasho dakika 90 kwenye jua la saa tisa na maji ya buku yanagawanywa watu kumi na nane. Anayekuchoma hajawahi hata kukuambia ukunje suruali alione hilo goti. Usirudi kwake kwa ajili hiyo.

Nilicheza na winga mmoja, sitamtaja, alikuwa na mbio ambazo mabeki walikuwa wanaulizana asubuhi kama atakuwepo. Goti lake lilianza kama lako. Tulimchoma, sisi wenyewe, tulikuwa tunachanga hela ya sindano, na tukashinda naye mashindano mawili. Sasa hivi ana miaka 50 na kidogo. Msikitini anasali kwenye kiti. Kila Ijumaa namwona akikivuta kile kiti cha plastiki kwenda mwisho wa safu, na mimi ni mmoja wa waliokuwa wanashika daftari la michango. Kwa hiyo kapteni wako akikuambia timu inakutegemea, ujue namfahamu vizuri sana, kwa sababu nilikuwa yeye.

Jumatatu asubuhi nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Waeleze kama ulivyonieleza mimi, na hiyo "ka!" usiisahau, wala usione haya kusema habari za sindano. Omba kuonwa na daktari wa mifupa. Atakulaza, atakunja goti kidogo, mkono mmoja ashike paja, mwingine ashike muundi, avute taratibu kulinganisha na mguu mzima. Mkono wa mtu anayejua unagundua mengi hapo. Wakikupiga eksirei na kukuambia mifupa ni mizima usishangilie ukaondoka, maana eksirei haioneshi ligamenti. Uliza kama unahitaji MRI, kipimo cha picha kinachoonesha ligamenti, na kama unahitaji rufaa kwenda MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili. Uliza na gharama zake hapo hapo mapema, ujipange.

Si kila aliyeumia ACL anapasuliwa. Wapo wanaojengwa misuli ya paja na ya nyuma ya paja kwa miezi kadhaa chini ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wakaishi na kufanya kazi zao bila shida. Anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kukata na kugeuka mara nyingi ndiye anayeshauriwa upasuaji, na akishapasuliwa asitegemee kucheza mechi kabla ya miezi 9. Najua kwa mtu wa miaka 24 miezi 9 inasikika kama kifungo. Ila ukiihesabu, ni ndondo ya mwaka huu tu.

Sasa tuje kwa baba mdogo. Rudia kusoma barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba siku aliyokufokea ni siku ambayo mguu ulikunja ukiwa na ubao mkononi, karibu na msumeno wa meza unaozunguka. Ukaongeza, "hakuna kilichotokea." Kwako hakuna. Yeye aliona mtoto wa kaka yake anaangukia kwenye meno ya msumeno. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima mashine, umeandika wewe mwenyewe, kisha ndipo akafoka. Seremala wa siku nyingi pale Keko huenda amewahi kuona vidole vikiokotwa kwenye vumbi la mbao, na hofu ya namna hiyo kwa wanaume wa rika lake hutoka ikiwa makelele. Alikosea kukuaibisha mbele ya mafundi, hilo sitamtetea. Lakini mtu aliyekwenda Karume kukuchagulia njumu hajaanza leo kuchukia mpira. Nadhani alishaona unachechemea tangu miezi mitatu, akasubiri umwambie, hukumwambia.

Kwa hiyo mwambie. Usimwambie karakana. Nenda nyumbani kwake jioni, baada ya kula, mkiwa wawili. Anza na goti, wala usianze na mpira. Mwambie lilitokea lini, linaachiaje, na kwamba umekuwa ukichoma sindano. Atakasirika, mwache. Mwambie pia kwamba hadi daktari aseme hutapita upande wa msumeno na ubao mkononi, utakaa kwenye kuunga, msasa na vanishi, kazi ambazo mguu hausumbui sana. Ukishamaliza hapo, zungumza naye habari za baadaye. Sema kwamba ukipona unaomba Jumanne na Alhamisi utoke saa tisa na nusu, na siku hizo utaingia saa moja asubuhi kufidia, na wiki yenye oda kubwa ya kukabidhi hutakwenda mazoezini. Mpe siku na saa, ajue anakubali kitu gani. Fundi wa miaka sita anayeunga fremu mwenyewe si mtu wa kumfukuza kirahisi, na yeye analijua hilo, ila anataka kusikia kwamba na wewe unaiheshimu karakana yake.

Huyo wa Muscat mkwepe. Tangu mwaka 2023 FIFA inataka wakala awe amefaulu mtihani wake na awe na leseni, na majina ya wenye leseni yapo wazi kwenye tovuti ya FIFA. Mwambie akupe jina lake kamili, ulitafute hapo hapo mbele yake kwenye simu. Klabu inayokuhitaji kweli inaandika barua kwa jina lake, yenye namba ya simu unayoweza kuipigia mwenyewe, na uhamisho wa kutoka nchi moja kwenda nyingine unahitaji hati ya kimataifa inayopitia shirikisho la nchi unayotoka, kwetu ni TFF. Kijiweni hapana hati hiyo. Na pasipoti usimwachie mtu hata usiku mmoja. Vijana wetu kadhaa wamefika nchi za watu wakajikuta hakuna timu wala majaribio, hati zao ziko mfukoni mwa mwingine. Hata kama huyu angekuwa wa kweli, ungekwenda kuonesha nini na goti hilo? Siku ya kwanza ya majaribio wanakugeuza kulia kushoto kwenye koni. Laki sita zako ni za randa. Ikibidi kuzigusa, ziguse kwa ajili ya goti.

Umeniuliza uache mpira, na umri umeutaja mwishoni kama mtu anayeficha. Nikujibu kwa uwazi unaostahili. Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, wilaya hiyo hiyo yenu, alikwenda TP Mazembe mwaka 2011 akiwa na miaka 18, baada ya Wakongo kumwona akiwa na Simba kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Hakuna aliyemdai hela ya barua, klabu ndiyo iliyomtaka. Njia ya kufika huko kwa mchezaji wa mtaani ipo na ni ndefu: unasajiliwa na klabu ya wilaya, mnapanda ligi ya mkoa, bingwa wa mkoa anakwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kisha First League, kisha Championship, ndipo Ligi Kuu yenye timu 16. Kwa miaka 24, hujawahi kusajiliwa popote, na goti halijulikani, sioni mpira ukikulisha. Naumia kukuandikia hivyo, kwa sababu najua jinsi zile kelele za Uwanja wa Mkapa zinavyofika mpaka Keko siku ya mechi ya Simba na Yanga, na jinsi kijana mwenye msasa mkononi anavyosimama kuzisikiliza.

Lakini hukuniandikia kwamba mpira unakulisha. Umeniandikia habari za mama wa mihogo wanaoacha karai. Miaka minane umetoa buku yako, umefua jezi za watu, umeshona soli mara tatu, hukuwa na mshahara na hukuwahi kuacha. Hilo linatosha kuwa sababu. Huhitaji Muscat ili mpira wako uwe na maana, na huhitaji kumwomba mtu radhi kwa kuupenda. Tatizo limekuja ulipoanza kuulazimisha ukulipe, ndipo ukaanza kumsikiliza jamaa wa kijiweni. Cheza kama ulivyokuwa unacheza, goti likiruhusu. Likikataa, bado yapo ya kufanya. Kuna kozi za ukocha za ngazi ya mwanzo, leseni ya CAF D, zinazoendeshwa chini ya TFF, kuna kozi za kuwa mwamuzi, na kuna watoto wa mtaani kwenu wa miaka kumi na mbili ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha namna ya kutua.

Nikizungumzia kutua: wakati unauguza goti, wafundishe wenzako mazoezi ya FIFA 11+. Ni mazoezi 15, yanachukua kama dakika 20, hayahitaji vifaa zaidi ya uwanja, mpira na koni chache, na yalitungwa mahsusi kupunguza majeraha ya magoti na vifundo vya miguu. Mnakimbia taratibu, mnasimama mguu mmoja, mnaruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa yanatazama mbele bila kuingia ndani, mnamalizia na mbio za kukata. Yafanyeni kila siku ya mazoezi. Timu nyingi za mchangani zinapasha kwa kupiga danadana na kurusha mashuti golini dakika tano kisha filimbi, na beki wa kushoto anaingia na misuli ya baridi kumkimbiza winga.

Kapteni mpigie leo, usisubiri Ijumaa usiku, apate nafasi ya kumwandaa mwingine. Maneno yawe machache: goti limeumia, nakwenda hospitali, sichezi. Akikubembeleza, usianze kumweleza upya. Halafu Jumamosi nenda uwanjani, uvae kandambili ili usitamani, ukae benchi karibu na yule atakayevaa jezi yako, umwonyeshe winga wao anapendelea mguu gani.

Na kwa baba mdogo, ukishamaliza kusema yote hayo jioni ile, muulize kama Jumatatu anaweza kufungua karakana saa nne badala ya saa mbili, akusindikize Temeke hospitali. Uniandikie daktari alisema nini.

Mjomba